Nani Ataosha Vyombo?

Nimeandika makala 11 za kumshauri mtu jinsi ya kuchagua mashine ya kuosha vyombo, na mpaka mwezi wa tatu mwaka huu sikuwa nimewahi kuigusa hata moja.

Si ajabu ukijua kazi yangu. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo iliponishinda, nikabaki Nairobi nikiandika mtandaoni. Mteja yuko ng'ambo, simjui sura. Ananitumia kichwa cha makala na idadi ya maneno, mimi namrudishia kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Nimeandika kuhusu bima ya paka. Nimeandika kuhusu mahema ya kulala kwenye theluji. Lakini mashine za vyombo ndizo zilizonilipia nyumba kwa miezi minne. Nilijua tofauti ya ile ya upana wa sentimita 45 na ile ya 60. Nilijua habari za kelele na chujio. Nilikuwa naandika "jikoni kwako" bila aibu, na jikoni kwangu ni meza moja, mtungi wa gesi wa kilo 6 na karai mbili chini ya dirisha.

Halafu dadangu akanipigia simu.

"Wewe si ndio huandika hizo vitu za dishwasher? Nataka moja. Nichagulie."

Dadangu ni muuguzi, anakaa Syokimau, na mwaka jana alimleta Mama aishi naye. Mama alifanya kazi kwenye nyumba za watu hapa Nairobi miaka 19. Alipika, alifua, alilea watoto wasio wake, na sisi tulilelewa na nyanya yetu Kakamega kwa pesa alizotuma. Sasa amestaafu, kama neno hilo linamfaa mtu ambaye hakuwahi kupewa barua ya kuajiriwa. Vidole vyake vimepasuka kwenye viungo. Daktari wa ngozi alimwambia mikono yake ikae mbali na sabuni. Akaitikia vizuri kabisa, akarudi nyumbani, na saa kumi na moja alfajiri dadangu akamkuta kwenye sinki anasugua sufuria ya jana.

Kwa hivyo mashine haikuwa mambo ya kujionyesha kwa majirani. Ilikuwa njia ya kumwondoa Mama kwenye sinki bila kugombana naye kila asubuhi.

Dadangu alikuwa ameweka akiba ya shilingi 65,000. Nilimwambia anipe wiki moja. Nilidhani nitafungua makala zangu za zamani, nitoe ushauri, basi. Lakini nikajiuliza swali ambalo mteja wangu hajawahi kunilipa nilijibu: hii kitu ilitoka wapi, na kabla yake nani alikuwa anaosha?

*

Watu wamejaribu kuikwepa kazi ya vyombo kwa muda mrefu. Mwaka 1850 Mmarekani mmoja, Joel Houghton, alipata hataza, yaani ile hati ya serikali inayolinda uvumbuzi wa mtu, kwa ajili ya mashine ya mbao yenye gurudumu la kuzungushwa kwa mkono. Ulizungusha, ikamwagia vyombo maji. Haikuosha sawasawa. Baada yake wakaja wengine, nao wakaboresha hapa na pale, lakini hakuna aliyetoa kitu ambacho mtu angekiamini na sahani zake nzuri.

Aliyefaulu ni mwanamke. Josephine Garis alizaliwa mwaka 1839 katika jimbo la Ohio. Baba yake alikuwa mhandisi, na kwenye ukoo wa mama yake kulikuwa na John Fitch, mmoja wa watu wa kwanza kutengeneza mashua ya mvuke kule Marekani. Josephine mwenyewe hakusomea uhandisi. Aliolewa akiwa na miaka 19 na mfanyabiashara aliyeitwa William Cochran, wakahamia Shelbyville, mji mdogo wa Illinois. Wakawa watu wa kualika wageni. Kulikuwa na sahani za kaure za urithi, na kulikuwa na watumishi wa kuziosha.

Hadithi inayosimuliwa ni kwamba watumishi walikuwa wakizigonga sahani zile zikamegeka kingo, naye akakasirika, akaamua kuziosha mwenyewe. Hapo ndipo alipogundua kitu ambacho watumishi wake walikuwa wakikijua siku zote: kazi hii inachosha na haiishi. Ukimaliza vya asubuhi, vya mchana viko njiani.

Ingeishia hapo ingekuwa hadithi ya mama tajiri aliyechoka haraka. Lakini mwaka 1883 mumewe akafariki, akamwachia madeni. Josephine akawa mjane mwenye sahani nzuri na pesa kidogo. Mashine ambayo pengine ingebaki wazo la sebuleni ikawa ndiyo riziki. Aliingia kwenye kibanda cha kuni nyuma ya nyumba pamoja na fundi wa reli aliyeitwa George Butters, wakaanza kuunda.

Alichofanya tofauti na waliomtangulia ni kuanza na sahani badala ya gurudumu. Alipima sahani, vikombe na visosa, akatengeneza vyumba vya waya vya kukaa kila kimoja mahali pake. Vyumba vile vilipangwa kwenye gurudumu lililolazwa ndani ya tangi la shaba. Gurudumu likazunguka, maji moto ya sabuni yakarushwa kutoka chini. Vyombo havikugongana, na kilichofanya kazi ya kusafisha ilikuwa nguvu ya maji. Ukifungua mashine yoyote ya leo utakuta wazo lilelile: waya za kushikilia, maji yenye nguvu, joto, sabuni. Alipewa hataza tarehe 28 Desemba 1886. Kwenye biashara akaongeza herufi moja mwishoni mwa jina la mumewe, akawa Cochrane.

Kuuza ndiko kulikomtoa jasho. Wanaume wenye mitaji walitaka kuamua kila kitu. Hoteli za Chicago ndizo zilizokuwa na vyombo vya kutosha kuhitaji mashine, lakini mwanamke wa wakati ule hakuingia hotelini peke yake bila watu kugeuza shingo. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba kupita ukumbini kwenye hoteli ya Sherman House bila mwanamume kando yake kulimtisha sana. Alipita. Akatoka na oda. Palmer House nayo ilikuwa miongoni mwa wateja wake wa kwanza.

Mwaka 1893 Chicago ikaandaa maonyesho makubwa ya dunia. Mashine zake zikawekwa jikoni kwa ajili ya mikahawa ya maonyesho yenyewe, na zikapata tuzo. Baada ya hapo oda zikaja kutoka kwa mahoteli, hospitali na vyuo.

Nyumbani hazikuingia. Nyumba nyingi hazikuwa na maji moto ya kutosha, na bei ilikuwa kubwa. Na kulikuwa na sababu nyingine ambayo huwa haitajwi kwenye makala za wateja wangu: nyumba zilizoweza kununua mashine zilikuwa tayari na mtu wa kuosha, na nyumba zisizokuwa na mtu wa kuosha hazikuweza kununua mashine.

Josephine alifariki mwaka 1913. Kampuni yake ilinunuliwa na Hobart mwaka 1926. Mwaka 1949, chini ya jina la KitchenAid, ndipo mashine inayotokana na kazi yake ilipoanza kuuzwa kwa ajili ya jikoni za nyumbani. Ni miaka 63 tangu apewe hataza.

Majina ya wale watumishi walioambiwa wamemega sahani sikuyaona popote.

*

Kwingine mambo yalienda hivyohivyo, polepole. Uingereza mwaka 1924 mhandisi William Howard Livens alibuni mashine ndogo ya nyumbani yenye mlango mbele, rafu ya waya na kirushio cha maji kinachozunguka. Ukiona mchoro wake utadhani ni wa juzi. Livens huyohuyo ndiye, miaka michache kabla, kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia, aliyebuni mitambo ya kurusha moto na gesi ya sumu. Sijui mtu anatokaje kwenye kile anafika kwenye sahani. Mashine yake haikuuzika. Mwaka 1929 Miele ya Ujerumani ikatoa mashine ya umeme, ya kwanza ya aina hiyo Ulaya, nayo ikawa ya wachache.

Kilichobadilisha mambo hakikuwa uhandisi peke yake. Baada ya vita viwili vya dunia, wasichana wa Uingereza na Marekani walipata kazi viwandani, madukani na maofisini, wakaacha kulala kwenye vyumba vya juu vya nyumba za matajiri. Watumishi wakawa adimu na ghali. Maji moto na umeme vikafika hata nyumba za kawaida. Hapo sasa mashine ikaanza kuonekana kitu cha maana, na kufikia miaka ya 1970 ilikuwa imeanza kuzoeleka kwenye nyumba za Marekani na Ulaya Magharibi.

Mwanahistoria Ruth Schwartz Cowan aliandika mwaka 1983 kitabu kiitwacho *More Work for Mother*. Hoja yake, kwa kifupi, ni kwamba mashine za nyumbani hazikumpunguzia mama kazi kama matangazo yalivyodai. Jiko la kisasa lilimwondolea baba kazi ya kupasua kuni. Maji ya mfereji yaliwaondolea watoto kazi ya kuchota. Mashine nyingine zilichukua nafasi ya mtumishi. Kazi iliyobaki ikamwangukia mama peke yake, na viwango vya usafi vikapanda juu. Mashine inapoingia nyumbani, anasema, angalia ni kazi ya nani inayoondoka na ni ya nani inayobaki.

Nikafunga kompyuta, nikaenda kuosha kikombe changu kimoja.

*

Sasa njoo Nairobi.

Reli ilifika hapa mwaka 1899, na mji ukakua na walowezi wake. Kwenye nyumba zao, aliyeosha vyombo hakuwa mwanamke. Alikuwa mwanamume Mwafrika, na aliitwa "boi" hata kama ana wajukuu. Chini yake kulikuwa na mtoto wa kiume, "toto" wa jikoni, ndiye aliyesugua masufuria na kubeba kuni. Kuanzia karibu mwaka 1919 mwanamume huyo alilazimika kutembea na kipande, cheti chenye alama za vidole vyake, ndani ya kikasha cha chuma kilichoning'inia shingoni. Mwajiri ndiye aliyeandika humo kwamba umeajiriwa na kwamba ameachana nawe. Ukiondoka kabla hajatia sahihi, ulikuwa mhalifu.

Kipande, kodi na kukatwa kwa mishahara ndivyo vilivyomfanya Harry Thuku akusanye watu. Alipokamatwa, Machi 1922, umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi kudai aachiliwe, Mary Muthoni Nyanjiru akiwa mbele. Polisi wakafyatua risasi. Muthoni alikuwa miongoni mwa waliouawa.

Nilisoma haya shule ya msingi kama historia ya uhuru, na ni kweli. Lakini hakuna mwalimu aliyeniambia kwamba kipande kilihusu pia nani anaosha sahani za nani. Fikiria hesabu ya mlowezi wa mwaka 1929, mwaka ambao Miele inatoa mashine yake. Ana mtu jikoni anayemlipa kidogo sana na ambaye sheria inamzuia kuondoka. Mashine atainunua ya nini?

Uhuru ulikuja mwaka 1963. Nyumba zikabadilisha wenyewe, lakini kile chumba cha nyuma hakikubomolewa. Mpaka leo tangazo la nyumba Kilimani au Lavington litakwambia vyumba vinne, maegesho mawili na SQ. Hizo herufi mbili ni makao ya watumishi. Jinsi miaka ilivyokwenda, kazi yenyewe ikahama kutoka mikononi mwa wanaume ikaingia mikononi mwa wanawake na wasichana kutoka mashambani, na sisi vijana wa mjini tukaitafutia jina: mboch. Nimelitumia neno hilo shuleni nikicheka na wenzangu, na Mama wakati huo alikuwa analala kwenye SQ ya mtu.

Mwaka 2011, kule Geneva, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba nambari 189 unaosema mfanyakazi wa nyumbani ni mfanyakazi kama wengine. Hapa kwetu chama cha KUDHEIHA kinawaandikisha. Kima cha chini cha mshahara kipo pia. Kwenye orodha ya serikali mtumishi wa nyumba yuko kundi moja na mfagiaji, yaya, mtunza bustani, mlinzi wa mchana na tarishi, yaani kundi la chini kabisa. Mama alipata kusikia habari za kima hicho mwaka wake wa 15 kazini, kwenye redio, akipiga pasi.

*

Jumamosi nikaenda Syokimau na daftari. Dadangu alikuwa na picha tano kwenye simu, zote za mashine za kung'aa. Nikamwambia aziweke kando kwanza, tuangalie nyumba.

Swali la kwanza ni maji. Mashine haina karai, inategemea mfereji wenye nguvu kiasi. Kwake maji huja siku tatu kwa wiki, siku nyingine ni tangi la juu. Tukapima: tangi liko juu ya paa la ghorofa, msukumo unatosha. Mashine ya kisasa hutumia kama lita 10 hadi 15 kwa mzunguko mmoja, kwa hivyo tangi haliwezi kufilisika.

La pili ni aina ya maji. Syokimau watu wengi wanatumia maji ya chumvi, yale yanayoacha utando mweupe kwenye birika. Utando huo ukiingia kwenye mashine unaziba vitundu vya kirushio na kuharibu chuma cha kupashia maji. Ndiyo maana mashine nyingi zina sehemu ya kutia chumvi maalumu chini kabisa. Nikamweleza Mama, naye akaniangalia kama mtu aliyepotea.

"Maji yana chumvi, na wewe unaongeza chumvi?"

Kumbe hata mimi nilikuwa nimeiandika mara 11 bila kuielewa. Ni hivi: tunachokiita chumvi kwenye maji ya kisima hasa ni madini ya kalsiamu na magnesiamu. Ndani ya mashine kuna chembechembe zinazoyanasa. Zikijaa, ile chumvi ya dukani huzisafisha ili zinase tena. Chumvi haifiki kwenye sahani. Kwa hivyo ukinunua mashine isiyo na sehemu hiyo na uko Syokimau, Kitengela au Ruai, umenunua kabati ghali.

La tatu ni vyombo vyenyewe. Hapa ndipo makala zangu zote zilipokuwa uongo kwa msomaji wa Kenya. Sufuria zetu nyingi ni za aluminiamu. Sabuni ya mashine ni kali, na aluminiamu ikikutana nayo kwenye maji moto hugeuka rangi, inakuwa nyeusinyeusi ya kijivu. Mwiko wa mbao hupasuka. Ukoko wa ugali usiporowekwa kwanza utatoka ndani ukiwa umekaushwa vizuri zaidi. Sufuria kubwa ya pilau itachukua nafasi ya sahani zote. Inayoingia bila shida ni sahani za kaure, glasi, vijiko na sufuria za chuma cha pua. Ukihesabu kwa uaminifu, kwenye nyumba ya kawaida ya Kenya mashine itaosha nusu ya vyombo, ile nusu rahisi.

La nne ni stima. Mzunguko mmoja unakula takriban yuniti moja ya tokeni, zaidi kidogo au chini kidogo. Ule wa kuokoa umeme huchukua zaidi ya saa tatu, na watu hudhani mashine imeharibika. Haijaharibika. Inatumia maji ya moto wa wastani kwa muda mrefu badala ya maji ya moto mkali kwa muda mfupi. Stima ikipotea katikati, usifungue kwa haraka. Na usitie sabuni ya maji ya kawaida ya kuoshea vyombo hata kama ile maalumu imeisha. Povu litakutoa nyumbani.

La tano ni fundi. Kabla ya bei, uliza pampu ikikufa spea inapatikana Nairobi au inaagizwa? Muuzaji akianza kukuambia kuhusu rangi ya mlango, ondoka.

Mama alikuwa amesikiliza yote. Akauliza, "Na mimi nikiosha natumia maji ngapi?"

Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Bonn uliowapa watu wa Ulaya vyombo vya watu 12 waoshe kwa mkono, na kwa wastani walitumia zaidi ya lita 100. Huo ndio utafiti unaopenda kutajwa na wauzaji. Lakini baadhi ya wale watu walikuwa wanaacha mfereji wazi. Tukapima ya Mama. Karai ya kwanza maji moto na sabuni, karai ya pili maji ya kusuuza, glasi kwanza, sahani, halafu masufuria mwisho, maji machafu yakaenda kwenye sukuma wiki nyuma ya nyumba. Lita 18 kwa vyombo vya siku nzima. Na mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walilinganisha njia mbalimbali wakakuta kwamba kwa hewa chafu inayoenda angani, njia ya karai mbili ilizishinda hata mashine zinazotumiwa vizuri. Mfereji wazi ndio ulioshindwa vibaya.

Nikamwambia. Akasema, "Si ningewaambia bure." Lakini vidole vyake vilikuwa vinatoka damu kwenye taulo.

*

Tulipofika kwenye pesa ndipo mambo yakawa magumu.

Kuna mama anayekuja kwa dadangu Jumanne na Ijumaa. Analipwa shilingi 700 kwa siku na chakula. Anafua, anaosha vyombo vya siku mbili vinavyomponyoka Mama, anapiga deki. Nilimuuliza kama naweza kuandika jina lake hapa, akakataa, ana waajiri wengine. Dadangu alikuwa amepanga vizuri: mashine ikija, mama yule aje Ijumaa peke yake, na zile 700 za Jumanne zirudishe gharama ya mashine. Tukapiga hesabu. 65,000 ni malipo ya mama yule ya siku 93. Kwa Jumanne peke yake ni wiki 93, karibu miaka miwili.

"Inalipa," dadangu akasema.

Mama hakusema kitu muda mrefu. Halafu akasema, "Mwaka ule walinunua mashine ya kufua pale nilipokuwa, waliniambia mshahara utashuka kwa sababu kazi imepungua. Kazi haikupungua. Niliongezewa mtoto."

Hatukuwa tumewahi kuisikia hiyo. Dadangu akauliza ni mwaka gani. Ilikuwa mwaka ambao mimi nilirudishwa nyumbani kwa karo darasa la sita, nikakaa nje ya shule muhula mzima. Nyanya alituambia pesa zimechelewa posta.

Dadangu si mtu mbaya. Ana mkopo wa nyumba, anafanya zamu za usiku, na Mama anamtegemea yeye zaidi kuliko mimi, lazima niseme ukweli. 700 kila wiki ni pesa. Aliondoka mezani akaenda kusimama dirishani. Mimi sikuwa na la kuongeza, maana sikuwa nachangia hata senti.

Aliporudi tukakubaliana hivi. Mashine itanunuliwa, ya sentimita 45, kwa sababu watu ni watatu na pesa itakayobaki italipa fundi wa kuifunga. Mama yule ataendelea na siku zake mbili kwa bei ileile. Jumanne atafanya kazi zingine, na sufuria za ugali, ambazo mashine haiziwezi, ni zake au zetu, lakini si za Mama. Nami nitalipa sabuni na chumvi ya mashine kila mwezi kutoka kwenye pesa za makala. Ni haki, kwa sababu mashine ndizo zilizonilipia nyumba.

Ililetwa Alhamisi, siku ambayo maji hayakuwepo na tangi lilikuwa karibu kuisha. Ikakaa kwenye boksi mpaka Jumamosi. Fundi alipoifunga, Mama akavipanga vyombo mwenyewe, akavipangua, akavipanga tena, kila sahani kwenye nafasi yake ya waya. Akabonyeza. Akavuta kiti akakaa mbele yake, mikono mapajani, akawa anasikiliza maji.

Baada ya kama dakika arobaini akaniita.

"Huyo mama wa Marekani uliyeniambia. Wale wasichana wake aliwafuta?"

Nikamwambia sijaona palipoandikwa.

"Tafuta," akasema.

Bado natafuta.